Tupa ya Fundi wa Magobore

Kila mwindaji aliyefika kwa fundi wa magobore pale Magu aliambiwa kwanza afumbe macho. Aliegemeza gobore begani, akalielekeza ukutani, kisha akafumbua kuona limelenga wapi. Kama kijichuma cha kulengea kilichoko mdomoni mwa mtutu kimezidi urefu, kiasi cha kuishusha risasi, fundi alikisugua kwa tupa, akipuliza vumbi taratibu, mpaka kikae sawa. Ni mume wa Sabina peke yake ambaye hakufumbishwa macho. Alipewa gobore, akatakiwa heri, akaenda zake na kibali chake cha kuwinda nyati.

Wiki mbili baadaye Sabina alilirudisha.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako hajambo?"

"Tulimzika Jumamosi. Nyati alikuwa hatua ishirini tu, risasi ikaishia chini, mavumbini."

Fundi aliliinua gobore, akafumba macho, akafumbua, akaangalia kwa muda mrefu. Mkono wake ukaifuata tupa mezani.

"Unamrekebishia nani?" Sabina akauliza.

Mkono ukasita.

"Nilikiona kijichuma kimezidi siku ile ile aliyolichukua," fundi akasema, bila kumtazama. "Kulikuwa na foleni."