Ukuta Uliolalia Kilima

Juzi, karibu na Kwa Vonza, niliona ukuta wa mawe umelalia kilima kidogo, nikamkumbuka susu, mama wa baba yangu. Nilipokuwa mdogo, mvua ilikuwa imebeba udongo wa shamba lake hadi mtoni, naye akanipeleka kwenye bustani kuukuu ya mzungu mmoja, yenye harufu ya waridi na mavi ya mbuzi. Alipanda ngazi za mawe taratibu, kiganja kikipapasa ukuta wa mawe ulioinamia mteremko. Nilidhani anaomba.

"Susu, tutoke. Ukuta huu unaanguka."

"Umeegemea udongo, we mtoto. Ungesimama wima ungesukumwa na udongo, uanguke."

Majirani wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walikuja kumjengea kuta kama huo shambani, wakimcheka. "Mahindi yako sasa yataishi kama wazungu, mama."

Mvua iliporudi, alituita tuangalie maji yakitoka shambani kwake. Yalikuwa meupe, hayana udongo.