Mlango wa Mbele wa Duka la Mawe

Kila nikinusa kitambaa cheupe kipya, hiyo harufu ya wanga hunirudisha Eldoret, kwenye duka la mawe ambalo siku hizi ni stoo ya mahindi.

Enzi hizo Wazungu waliingilia mlango wa mbele. Sisi tulihudumiwa kwenye dirisha dogo la nyuma. Mdogo wangu, mtoto mchanga, alikuwa amefariki alfajiri, na mama akanichukua twende tukanunue kitambaa cha kumzikia. Tulingoja dirishani hadi jua likawa utosini. Hakuna aliyefungua.

Mama akanishika mkono, tukazunguka, tukaingia kwa mlango wa mbele. Sakafu ya mbao ilikuwa baridi na laini chini ya nyayo zangu. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichagua vifungo akageuka kututazama.

"Mama, tafadhali rudi dirishani," karani akanong'ona. Alikuwa Mwafrika kama sisi. "Nitafutwa kazi."

"Mtoto wangu amelala mezani bila nguo ya kuzikwa," mama akamjibu.

Karani alimtazama mwenye duka, Mzungu aliyekaa nyuma ya kaunta, akatutazama sisi, kisha akashusha jora la kitambaa cheupe na kupima yadi mbili. Akakata, akakunja, mama akalipa.

Tulipofika mlangoni tukamsikia mwenye duka akimwambia karani, "Wewe, kwenda. Kesho hapana rudi."

Mama hakugeuka. Lakini tangu jioni ile ya mazishi, kila tulipopiga magoti, alimwombea yule karani kwanza, ndipo akatuombea sisi.