Siku Nilipobadili Usukani wa Baiskeli

Baiskeli yangu niliichagua kwa macho, sikuuliza mgongo. Ilikuwa na matairi mapana, gia ambazo hadi leo sijazijua zote, na usukani wa chini ulionyooka kama mpini wa jembe. Ukiiendesha unainama kama mtu anayewahi jambo kubwa. Mimi sikuwa na jambo kubwa. Ni fundi cherehani hapa Mhunze: mchana nainamia cherehani, jioni nilikuwa nainamia usukani, na mwishowe mke wangu akawa ndiye anayenifunga kamba za viatu.

"Badilisha huo usukani," alisema. "Weka ule wa kuinuka, ukae kama watu."

Usukani wa kuinuka niliuona ni wa wazee. Mgongo ukaniuma wiki nzima, nikakubali kuwa mzee. Fundi baiskeli akanifungia mmoja uliopanda juu na kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe, akaukaza vizuri. Nilipofika nyumbani nikaona bado uko chini kidogo. Nikachukua spana, nikaupandisha, nikakaza bolti kwa nguvu niliyodhani inatosha.

Asubuhi yake nikatoka kupeleka gauni la mteja upande wa Songwa. Nilikaa wima, kifua mbele, upepo umelijaza shati. Kabla ya hapo njia ile niliijua kokoto zake tu. Sasa niliona mashamba ya pamba, niliona nyumba, na watu waliniona. Ikabidi niwasalimie wote. "Mwangaluka," kulia. "Mwangaluka," kushoto.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akainuka kunitazama. "Kumbe ndiye wewe unayepitaga bila salamu? Tulijua ni kiburi."

"Ulikuwa ni usukani, mama."

"Usukani," akarudia, kama mtu aliyesikia uongo wa aina mpya.

Nikaendelea, nimeshika kwa mkono mmoja, wa pili nikiugawa kwa wananchi kama mgombea. Mbele yangu akatokea mama mkwe, na kifurushi kichwani, anakuja kwetu kumsalimia binti yake. Kwetu Wasukuma mkwe hamkodolei macho mama mkwe, humpisha njia. Kwa usukani wa zamani ningepita nimeinama, heshima ikatimia yenyewe. Kwa huu mpya tulitazamana kama watu wanaopiga picha.

Nikabana breki na kuuvuta usukani. Usukani ukaitika. Ulizunguka ukaniangukia mapajani, nami nimeushika bado kwa mikono miwili, sina cha kuongoza. Baiskeli ikachagua njia yake, ikanimwaga kifudifudi karibu na miguu ya mama mkwe. Gauni la mteja likatua kichwani kwangu.

"Shikamoo mama," nikasema palepale chini, maana sikuona neno jingine.

"Marahaba baba." Alikuwa amegeuza uso pembeni. "Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi inuka. Salamu imefika."

Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Gauni lilichafuka, kwa hiyo ilibidi nirudi. Nilifunga kifurushi chake cha michembe ya viazi vitamu kwenye keria, yeye akatangulia, nikamfuata nyuma nikisukuma. Na kwa kuwa hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake, tukazungumza, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. Aliniuliza habari za mgongo. Akasema nilipokuja kuposa nilikuwa nimeinamisha kichwa tangu naingia hadi natoka.

"Baba yenu akasema huyu kijana ana adabu. Mimi nikasema huyu ni fundi cherehani, anatafuta sindano."

Nilicheka hadi baiskeli ikaniponyoka.

Nyumbani mke wangu alimwona mama yake mbele, kisha mimi nyuma, mavumbi mwili mzima. Akauliza kulikoni. Nilikuwa nimetunga maelezo njiani, marefu, yenye ng'ombe aliyekatiza barabara. Mama mkwe akaniwahi.

"Mumeo ameniamkia vizuri sana leo," alisema, akaingia ndani.

Usukani niliurudisha kwa fundi, akaukaza, na sijaugusa tena. Mgongo umepata nafuu. Kazini nachelewa, maana kila anayeniona njiani ana la kuniuliza, na kwa jinsi nilivyokaa siwezi kujifanya sikumwona.