Chungu Kilichobandikwa Kabla ya Ibada

Kifuniko kikianza kuchezacheza juu ya sufuria, mimi sikai. Nitakuwa naongea na mgeni, nitakuwa nimeshika sindano nashona, hata niwe nasali. Sauti ile ya bati linalosukumwa na mvuke ikinifikia, miguu inasimama kabla sijaiambia. Wajukuu wamenichoka. "Bibi, ni chai tu," wananiambia. Najua ni chai. Nakwenda kuitazama hata hivyo, narudi nakaa, na nikishakaa nataka kwenda tena. Ugonjwa huu niliupata Temeke nikiwa mtoto. Ngoja niwaambie niliupataje, maana hapa nyumbani wanadhani nilizaliwa nao.

Sisi tulikuwa watu wa milimani, Upare, kule ambako asubuhi ukungu unaingia ndani bila hodi na mtoto anaota moto kabla ya kunawa uso. Baba alikuwa mwalimu. Miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza akahamishiwa shule moja ya Temeke, nasi tukashuka naye: mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Safari nzima mama alipakata chungu chake cha makande. Mtoto nilipakatishwa mimi.

Temeke ya siku zile ilikuwa minazi, mikorosho, mihogo, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Na joto, jamani. Hakuna aliyetulia. Mdogo wangu alilia kwa vipele vya joto. Baba alizunguka nyumba na kiti chake akifuata kivuli, asubuhi upande huu, jioni upande ule, madaftari ya wanafunzi yakimponyoka mapajani. Mama alikuwa akisimama mlangoni, anaingia ndani, anatoka, anasimama tena. Ukimwuliza unatafuta nini, anasema hatafuti kitu.

Halafu makande yakaanza kumkataa.

Kwetu mwanamke hubandika makande Jumapili kabla ya kengele ya pili. Anapanga mahindi na maharage yake, anajaza maji, anasukuma gogo nene chini ya chungu, anajifunga kitambaa kichwani, huyo kanisani. Mchungaji na ahubiri apendavyo. Ukirudi, makande yameiva; punje imesimama peke yake, lakini ukiibana kwa ulimi inakubali. Mwanamke aliyebaki nyumbani kuchungulia chungu alionekana hakufundwa. Mama alifundwa. Kule kwetu watu walikuwa wakipita njia ya mbali ili wapite nyumbani kwetu Jumapili, na hakuna aliyekuwa mpumbavu wa kuuliza kwa nini.

Huku Temeke alibandika vile vile, akarudi kutoka kanisani akakuta uji. Maharage yamepasuka, yamemwagika matumbo, mahindi yanaelea humo yakiwa hayana pa kushika. Alilaumu kuni za mikoko, akasema zina moto wa hasira. Akalaumu maji ya kisima. Akalaumu maharage ya sokoni, akaagiza ya nyumbani, yakaletwa na msafiri, nayo yakawa uji. Hata chai aliilaumu. Alisema chai ya pwani inaunguza ulimi kana kwamba una deni nayo. Siku moja akaamua kuipua mapema kwa kukisia tu, na hapo akavuka kutoka kwenye uji hadi kwenye changarawe. Baba alitafuna kimya kimya, mishipa ya kichwa imemsimama. Tangu siku hiyo mama hakuuamini tena mkono wake.

Jirani yetu Bi Mwajuma, Mzaramo mcheshi asiyeweza kuacha neno likalala, alichungulia chungu akacheka hadi akashika nguzo.

"Shoga, mie nilidhani nyie watu wa milimani mna meno!"

Mama alicheka naye. Alipoondoka, mama akamwaga yote kwa kuku.

Baba, kwa kuwa mwalimu, alidhani jambo linalojulikana sababu yake limekwisha. Jioni moja akachukua kipande cha chaki akachora mlima kwenye ubao wa mlango, na chini yake bahari.

"Mama Nakijwa, sikiliza. Kule juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji. Kwa hiyo yanachemka mapema, kabla hayajawa moto kabisa. Huku chini hewa ni nzito. Mpaka uone yanachemka, ujue yamekuwa moto zaidi. Ndiyo maana maharage yanawahi."

Mama aliutazama ule mlima wa chaki kwa muda.

"Kwa hiyo maji ya mama yangu yalikuwa hayachemki?"

"Yanachemka, ila..."

"Ila nini, Baba Nakijwa?"

"Ila si sana."

Angenyamaza hapo, mbona ingekuwa nafuu. Lakini akaongeza kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama akajibu kwamba yeye si mhunzi, akachukua kitambaa akaufuta mlima na bahari yake. Siku zilizofuata walisemezana mambo ya lazima tu: chumvi, maji ya kuoga, mtoto ana homa.

Watu wa kwetu waliokuwa Dar es Salaam walikuwa na desturi ya kukutana baada ya ibada, leo kwa huyu, Jumapili ijayo kwa yule, na chakula kilikuwa makande, hakuna kingine. Zamu ilikuwa inakuja kwetu. Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele nilipomsikia mama akimwambia Bi Mwajuma, kwa sauti ya chini isiyokuwa na kicheko hata kidogo:

"Jumapili chungu kikiharibika mbele ya watu wa kwetu, mimi nabeba wanangu narudi. Siwezi kukaa mahali ambapo hata maharage hayanijui."

"Na mumeo?"

"Mume wangu ana chaki zake."

Mchele ulinimwagikia miguuni. Nilimpenda baba yangu, ukali wake wote na madaftari yake yote. Nilimpenda mama pia. Sikujua mtoto anagawanywaje. Kuanzia hapo sikukaa. Nilikwenda kisimani bila kutumwa, nikafagia palipofagiwa, usingizini nikapiga mateke. Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Jumapili ikafika. Mama alibandika chungu kabla ya kengele ya pili, kama alivyofundwa. Akasukuma gogo, tena gogo nene kuliko yote tuliyokuwa nayo. Kisha akasimama mbele ya baba, aliyekuwa akifunga tai, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Chungu nimekibandika."

"Vizuri," baba akasema, akaendelea na tai.

Sijawahi kukaa kwenye benchi gumu namna ile. Mchungaji alisoma, tukaimba, tukakaa, naye akaanza kuhubiri, na mimi nikaanza kusikia kifuniko. Najua kanisa lilikuwa mbali na nyumba. Nawaambia nilikisikia. Kila mchungaji alipovuta pumzi, mimi niliona maharage yanapasuka. Upande wa wanawake mama alikuwa ametulia, mtoto kifuani, macho mbele, na utulivu ule ndio ulionitisha zaidi, maana tangu tufike pwani sikuwa nimemwona ametulia.

Ndipo baba akasimama.

Mjue kwanza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Mtu akitoka mahubiri yakiendelea, baba alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni, na akirudi alimpokea kwa macho yale yale. Wanafunzi wake walijifunza kukojoa nyumbani. Huyo ndiye aliyesimama katikati ya neno la Mungu, akapita mbele ya magoti ya wazee wenzake akiomba radhi, akatoka. Watu wakageuka. Mimi nikasema moyoni, maskini, tumbo limemshika. Mama hakugeuka.

Alirudi wakati wa wimbo wa mwisho, jasho linamtiririka, koti lake la Jumapili amelikunja mkononi, bitana nje. Akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tulirudi na wageni nyuma yetu wakiongea kwa furaha ya njaa. Mama alitangulia, karibu akimbie, nami nikamfuata. Jikoni mafiga yalikuwa matupu, gogo limetolewa na kuzimwa kwa mchanga. Chungu hakikuwapo. Tulikikuta barazani, juu ya kile kiti cha baba cha kusahihishia, kimefunikwa kwa sahani ya kulia. Mwanamume hajui chungu cha moto kinawekwa wapi. Alikiweka mahali pa heshima alipopajua. Kiti kilikuwa kinafuka moshi kidogo.

Mama alifunua. Akachukua punje moja ya harage, akaitia mdomoni, akafumba macho.

"Lete sahani," akaniambia.

Wageni walikula wakaongeza. Mzee mmoja alisema tangu ashuke milimani ulimi wake haujawahi kufika nyumbani kama siku ile. Bi Mwajuma naye aliitwa, akala, akakiri kwamba meno tunayo. Baba alikula akiwa amesimama, kiti chake hakikalikiki, na hakuna aliyemwuliza koti liko wapi. Kesho yake mama alilifua. Masizi ya chungu kwenye mikono ya koti hayakutoka yote, naye hakulalamika. Hatukwenda popote. Wadogo zangu wengine wote walizaliwa Temeke.

Nilipokua nikapelekwa shule ya wasichana. Siku moja mwalimu wa sayansi akatumbukiza kipimajoto ndani ya maji yanayochemka, tukaona zebaki inapanda, inapanda, inagota. Chochea utakavyo, alisema, haiendi juu zaidi. Na kama mngekuwa mlimani, ingegota chini ya hapa. Nikacheka peke yangu darasani, nikasimamishwa pembeni. Kumbe baba alisema kweli tupu, na ule mlima wake wa chaki ukafutwa bure! Nilimwonea huruma, nikamwonea huruma na mama kwa kutokuelewa. Huruma hiyo niliibeba miaka mingi, nikijiona mwerevu.

Baba alipofariki na waombolezaji kutawanyika, nilibaki na mama jikoni. Ili tuongee jambo lisilokuwa msiba, nikamweleza habari za hewa na maji, taratibu, kama unavyomweleza mtu mzima ambaye hakusoma. Aliniacha nikafika mwisho.

"Baba yako alinieleza hayo," akasema. "Nilimwelewa siku ile ile."

"Ulimwelewa? Sasa mbona Jumapili ile ulibandika mapema vile, tena kwa gogo kubwa?"

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso.

"Alijua kwa nini maharage yananiharibikia. Nilitaka nijue kama yanamuuma."

Nilikaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu utoto wangu kukaa jikoni bila kutaka kuinuka. Nikaliona lile benchi la kanisa upya: mama macho mbele, ametulia, akisikiliza hatua za mtu mmoja. Mimi mtoto nilikuwa nahesabu maharage yanayopasuka, na mwenzangu upande wa pili alikuwa ameiweka ndoa yake motoni, akafunika, akaenda kusali.

"Na yeye ulimwambia?" nikamwuliza. "Katika miaka yote hiyo, mama, hukumwambia?"

"Nimwambie nini tena, mwanangu? Alishanijibu."