Siku Mashine Iliponyamaza Katindiuka

Saa kumi jioni, Jumamosi. Levina Pantaleo amesimama pembeni ya runinga, mikrofoni mkononi, lakini haongei. Dirisha la bati limefungwa, na gunia lililotundikwa mlangoni linazuia mwanga usiingie. Nyuma ya ukuta, mashine ya kukoboa mpunga inanguruma mpaka misumari ya bati inatetemeka. Levina anasubiri inyamaze.

"Octavian, toa pikipiki yako mlangoni," anamwambia dereva wa bodaboda aliyekaa benchi la mbele. "Watoto wataungua."

"Ikiibiwa, dada, utanilipa?"

"Ikiibiwa nitakutolea filamu."

Watu wanacheka. Ngurumo inapungua, inakohoa, inakata. Levina anapunguza sauti ya runinga mpaka watu walio ndani yake wanabaki wakichezesha midomo tu. Kisha anaanza kuwasemea wote: vijana watano wa Johannesburg, mama mwenye nyumba wao, na bosi wao.

Levina ana miaka thelathini na tisa. Banda lake, ambalo watu wa Katindiuka, pembezoni mwa Ifakara, huliita banda umiza kwa sababu ya ubao mgumu wa mabenchi yake, lina miaka sita. Kiingilio ni shilingi mia tano, watoto mia mbili. Jumamosi nzuri hupata watu hamsini. Mpunga unapoanza kuchanua na familia zikahamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga, anaweza kufasiri filamu nzima mbele ya watu saba, mmoja wao akiwa amelala.

Kiingereza hakukipata darasani. Alipomaliza darasa la saba alikuja kutoka Mahenge, akafanya usafi miaka tisa katika nyumba ya wageni iliyokuwa ikipokea watafiti. Jioni wageni waliangalia filamu sebuleni, na yeye alikuwa na kawaida ya kupiga pasi humohumo.

"Nilikuwa napiga pasi shati moja nusu saa," anasema. "Hakuna aliyeniuliza. Walidhani ndivyo ninavyopiga pasi."

Hadhira yake ina utaratibu ambao mgeni hushangaa kuukuta. Filamu ikiisha, taa inawashwa na filamu inashitakiwa. Anayeisema vibaya lazima atoe sababu, anayeitetea vilevile. Baada ya hapo inapigwa kura: anayetaka iendelee wiki ijayo anabaki amekaa, anayetaka iondolewe anasimama.

Mwezi wa sita mwaka huu, Levina alileta tamthilia ya vichekesho kutoka Afrika Kusini. Inahusu vijana walioanzisha kampuni ya teknolojia ndani ya gereji. Wanatengeneza roboti la kupika. Sehemu baada ya sehemu, roboti limefunikwa shuka, wenye fedha wanakuja kulitazama, na bosi wa kampuni anawaambia litafunuliwa wiki ijayo. Wenye fedha wanaondoka wameridhika, wakiwa wameacha fedha nyingine.

Wachambuzi wa redio za Dar es Salaam walikuwa wameisifu. Mmoja alisema alicheka mpaka akasimamisha gari. Levina naye aliicheka peke yake nyumbani hadi mumewe, Beatus, akaamka kuuliza kuna nini.

Katindiuka hakuna aliyecheka.

"Mimi nina swali kwa mshitakiwa," alisema Octavian taa ilipowashwa siku ile ya kwanza. Ndiye mwendesha mashitaka wa kudumu wa banda. "Hawa vijana kazi yao hasa ni nini?"

"Wanatengeneza roboti," alijibu Levina.

"Limekamilika?"

"Bado."

"Sasa wale matajiri wanatoa hela ya nini?"

"Ya kwamba litakamilika."

"Na likikamilika?"

Levina alifikiri. "Likikamilika watu wataona halifanyi kazi, kwa hiyo hela itakoma."

"Basi hiyo siyo ya kuchekesha," Octavian akasema. "Hiyo ni filamu ya uchawi. Ungetuambia mapema tukae vizuri."

Fausta, anayeuza mihogo ya kukaanga mlangoni na ambaye huingia bure kwa heshima ya mihogo hiyo, alikuwa na hoja yake. "Vijana watano nyumba moja, wanatengeneza chombo cha kupika, na sijaona sufuria. Hata moja. Nani atawaamini?"

Waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa. Levina aliomba rufaa ya wiki moja. Lilikuwa jambo jipya, wakabishana kidogo, wakampa.

Kwa nini aliipigania? Anasema filamu za mapigano angeweza kuzionyesha maisha yake yote, lakini kila banda mjini linazo.

"Ngumi haina haja ya mfasiri," anasema. "Mtu akipigwa anaanguka, unaelewa. Lakini kichekesho nisipokisema mimi, hakuna kitu pale. Nilitaka siku moja watu waje kwa sababu yangu."

Wiki ile alisikiliza. Alisikiliza sokoni, kisimani, na kwenye uwanja wa mashine jirani na banda lake, ambako wakulima kutoka Idete na kwingineko husubiri zamu ya kukoboa. Mwenye mashine ni Mzee Makoye, Msukuma aliyehamia bonde hili akiwa kijana na ng'ombe wachache, akawauza, akawa mtu wa mpunga. Ni mkarimu na anapenda kuhutubia. Kabla ya kusema neno lolote la maana husogeza kofia nyuma, hukohoa mara mbili, kisha husema: "Watu wangu, ya Mungu mengi, yangu machache, lakini mtayaona."

Na kwenye uwanja huo, chini ya turubai la bluu, kuna mashine kubwa ya kupanga madaraja ya mchele. Makoye aliinunua miaka mitatu iliyopita. Aliwakusanya watu, akawaambia mchele wa Katindiuka utatoka umetenganishwa, mzima huku na chenga kule, na bei itapanda. Mashine ilishushwa kwenye lori, ikafunikwa, na tangu hapo haijafunuliwa. Akiulizwa, husema wiki ijayo fundi anakuja. Watu waliacha kumuuliza. Walikuwa wakilitazama turubai na kutazamana.

Jumamosi iliyofuata, bosi wa Johannesburg aliposimama mbele ya shuka na wageni wake, Levina aliisogeza nyuma kofia asiyokuwa nayo, akakohoa mara mbili kwenye mikrofoni, na kusema kwa lafudhi ya Mwanza: "Watu wangu, ya Mungu mengi, yangu machache, lakini mtayaona."

Banda lilipasuka. Fausta aliangusha sinia. Mtu mmoja alitoka nje kucheka, akarudi, akatoka tena. Siku ile hakusimama hata mmoja kwenye kura. Jumamosi ya tatu mabenchi hayakutosha, na watu walikuja hadi kutoka Sanje.

Levina hakuwa na wasiwasi, kwa sababu moja tu. Siku hizo Makoye alikuwa akikoboa mpaka magharibi, na mashine ikiwa inanguruma, mtu aliye uwanjani hasikii hata akiitwa jina. Ukuta ni wa bati, lakini ngurumo ilikuwa ukuta mwingine.

Jumamosi ya nne, mkanda wa mashine ulikatika.

Ngurumo ilikoma ghafla wakati Levina akiwa katikati ya hotuba ya bosi, sauti ya spika ikiwa juu kabisa ili kushindana na mashine. Bonde zima, anasema, lilisikia. "Nilijisikia mwenyewe nikisema 'yangu machache', halafu nikasikia kimya. Nikachungulia tundu la bati. Mzee amesimama pale uwanjani, kofia mkononi, na wateja wake wote wanatazama chini."

Makoye alivaa kofia yake, akaenda nyumbani.

Ili kuelewa kilichokuwa hatarini, lazima ijulikane kwamba kiwanja cha banda ni cha Makoye. Waya wa umeme unaowasha runinga unatoka kwenye mita ya mashine yake. Kodi ni ya maneno tu, hakuna karatasi. Tena mama yake Levina alipofariki, magunia mawili ya mchele yaliyowalisha waombolezaji yalitoka kwa mzee huyohuyo, bila kuombwa.

"Kuondolewa ningeondolewa, ningeenda kwingine," anasema Levina. "Lakini ule mchele ulinikaa kooni."

Asubuhi yake alikwenda uwanjani mapema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Makoye alikuwa akifunga mkanda mpya, wala hakuinua uso. Kwa kawaida marahaba yake hufuatwa na habari za watoto, za Beatus, za mpunga, na za mvua ya mwaka jana. Siku ile haikufuatwa na kitu.

Wiki ilikwenda hivyo. Octavian, aliyekuwa amecheka kuliko wote, sasa ndiye aliyekuwa na ushauri.

"Kosa lako, dada, ni kwamba wewe siyo mtani wake. Ungekuwa Mzaramo ungemwambia lolote Msukuma yule, angekupa na soda. Lakini sisi Wapogoro na Msukuma, utani wetu umeanzia wapi? Hapo umetukana."

"Na wewe uliyecheka?"

"Mimi ni hadhira."

Levina aliamua asibadilishe filamu. Kubadilisha, aliona, kungekuwa kusema kwamba alijua tangu mwanzo ni matusi. Ila aliamua bosi atasema kwa sauti ya kawaida.

Jumamosi ya tano, muda wa kuanza ulipofika, mashine ilizimwa. Gunia la mlangoni lilisogezwa na Mzee Makoye akaingia akiwa amebeba kiti chake cha plastiki chenye mikono. Alikiweka mbele kabisa, akatoa shilingi mia tano, akampa Levina, akakaa. Hakuna aliyetafuna.

Levina alianza. Alisema sauti za vijana, akasema ya mama mwenye nyumba. Bosi aliposimama mbele ya shuka, alimsemea kwa sauti nyembamba isiyokuwa ya mtu yeyote.

"Huyo nani?" aliuliza Makoye.

"Bosi, mzee."

"Wiki iliyopita alikuwa na sauti nyingine."

Levina alitazama mabenchi, na mabenchi yakatazama pembeni. Basi alikohoa mara mbili. Alisema maneno yote, tangu ya Mungu mengi mpaka mtayaona, kwa lafudhi ileile, mbele ya mwenye nayo. Hakuna aliyecheka. Filamu iliendelea katika ukimya huo mpaka ikaisha, shuka likiwa halijafunuliwa.

Taa iliwashwa. Octavian alisema hana mashitaka. Ikabaki kura, na hapo watu wote wakasimama, benchi baada ya benchi, Fausta na sinia lake, Octavian wa kwanza. Walikuwa wakimheshimu mzee. Walikuwa wakiihukumu filamu ili wasihukumiwe wao.

Aliyebaki amekaa alikuwa Makoye peke yake.

"Mbona mmesimama?" aliuliza. "Haijaisha hii. Lile dude linafunuliwa au halifunuliwi?"

"Sijui, mzee," Levina alijibu. "Sehemu ya mwisho sijaiangalia. Nawasubiri wenzangu."

"Basi kaeni, tusubiri." Watu wakakaa. Makoye alisogeza kofia nyuma, na aliposikia mtu nyuma akibana kicheko, akageuka. "Cheka, wewe. Miaka mitatu mnanong'onezana kuhusu turubai langu. Mkiniona mnazungumzia mvua. Huyu mtoto ndiye wa kwanza kuniuliza kwa sauti, tena kwa spika."

Kisha aliwaeleza, kwa mara ya kwanza. Mashine ile inataka umeme wa njia tatu, na yeye ana wa njia moja. Alinunua kitu kikubwa kuliko waya wake. Fundi alimwambia siku ileile iliposhushwa, lakini watu walikuwa wameshapiga vigelegele.

"Sasa wewe," alimwambia Levina. "Mpogoro hana utani na mimi, hilo kweli. Lakini mjukuu anamtania babu yake popote duniani. Kuanzia leo mimi ni babu yako. Faini ya utani ni jogoo."

"Jogoo sina, babu."

"Utadaiwa. Na unakohoa vibaya. Mimi sikohoi kama mtu mwenye kifua."

Hapo banda, ambalo lilikuwa limejizuia saa nzima, likacheka mpaka misumari ikatetemeka bila mashine.

Tangu siku hiyo Makoye huizima mashine mwenyewe kila Jumamosi saa kumi, hata kama wateja wamepanga foleni, na hubeba kiti chake kuingia bandani. Hukatiza filamu kusahihisha kikohozi. Fausta bado anadai sufuria. Octavian, kwa upande wake, bado anaamini ni uchawi, ila sasa anasema ni uchawi mzuri.

Zimebaki sehemu tatu. Levina anaweka akiba kwa ajili ya mikrofoni ya pili, kwani Makoye amekubali kumsemea bosi yeye mwenyewe katika sehemu ya mwisho. Amekubali jambo jingine pia: siku hiyo, iwe roboti la Johannesburg limefunuliwa au halikufunuliwa, yeye atatoka nje na kulivuta turubai la bluu watu waione mashine, inazunguka au haizunguki.

Baada ya hapo, Levina anatamani kuipeleka runinga na betri Idete wakati wa kuamia ndege, awafuate watazamaji wake huko waliko.

Na akifungua ile sehemu ya mwisho, akakuta roboti halipiki?

Levina anafunga waya wa mikrofoni, anaukunja vizuri. "Nitawaambia halipiki," anasema. "Ila kwanza nitakohoa."