Violini za Chumba cha Pili

Mume wangu aliitukana mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kadamnasi ya watu ikimtazama.

Hakujua kuwa ni yake. Wao walijua.

Torkild alikuwa akitengeneza amplifaya za hedifoni. Ndani ya kila moja kulikuwa na kile kifaa kinachogeuza namba za kompyuta kuwa muziki. Hapa mjini Odense, wenye masikio ya kuchagua walizisubiri kwa foleni. Kila Jumapili walikutana kwa Gorm, daktari wa meno, kunywa kahawa na kubishana.

Mchezo wao ulikuwa mmoja. Mashine inafunikwa kitambaa cheusi, unavaa hedifoni, unasema unachosikia. Jina la fundi halikusaidii hapo.

Jumapili hiyo Torkild alisikiliza, akakunja uso.

"Hii mbovu. Upande wa kushoto umezama. Violini kama zinapigiwa chumba cha pili. Aliyeitengeneza aone haya!"

Gorm akavuta kitambaa; ilikuwa ile aliyokuja nayo Torkild mwenyewe.

Kile kicheko mpaka leo naamka nacho.

"Aone haya nani, fundi?" Gorm alikuwa akifuta machozi. "Hebu jitambulishe!"

"Mzee, masikio umeyasahau nyumbani?" mwingine akadakia.

Torkild aliibeba mashine kifuani kama mtoto aliyezimia, tukaondoka. Keki yake ilibaki sahanini.

Tangu hapo akahamia karakana. Alibadilisha kila kitu cha upande wa kushoto. Alipopima, mita ikasema pande zote ziko sawa.

"Si umeona? Haina tatizo," nikamwambia.

"Mita haina masikio, Asta."

Hiyo ndiyo dini yao wote. Sikio likipingana na mita, mita ndiyo mwongo.

"Basi geuza hedifoni. Ya kushoto ivae kulia."

Alinitazama kama nimemwambia avae viatu kichwani. "Violini hukaa kushoto, mke wangu. Ndivyo zilivyorekodiwa."

Gorm hakuchoka. Kila mara ujumbe kwenye kundi lao: "Vipi fundi, violini zimerudi kutoka chumba cha pili?" Chini yake, vicheko vimepangana.

Torkild akaanza kuyumba akitembea. Nikamsihi aende hospitali.

"Nikimaliza huu upande wa kushoto," akasema.

Hakuumaliza. Nilimkuta sakafuni karakanani, chuma cha kulehemu bado cha moto.

Hospitalini, daktari alinionyesha picha ya kichwa chake. Uvimbe, ndani kidogo ya sikio la kushoto. Ulikuwa umekua polepole mpaka ukabana ubongo.

"Hakuwahi kulalamika kuwa upande mmoja hasikii vizuri?"

"Alilalamika," nikasema. "Watu wakacheka."

"Angekuja wakati ule..."

Torkild hakuamka tena baada ya upasuaji.

Tulipokwisha kumzika, Gorm alikuja na maua. Hata koti hakuvua.

"Shemeji, ile mashine ipo? Niisikilize kidogo tu. Kwa heshima yake."

Akavaa hedifoni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Haina kasoro," akanong'ona. "Kushoto na kulia, sawasawa kabisa. Sasa siku ile alikuwa analalamikia nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, kama daktari alivyoniambia mimi.

Uso ukamwiva. Akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu mno. Akatazama dirishani. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, akauliza kama nitaiuza.

Nilimfungulia mlango.

Ninyi mnaosoma, mtu akiwaambia anasikia vibaya, msiwe wepesi wa kucheka. Muulizeni tu: ni mashine, au ni sikio? Swali hilo moja hakuna aliyemuuliza Torkild.

Mashine iko kwangu. Siku nikiweza, naiwasha, navaa hedifoni zake.

Nazivaa kinyume, violini zikae kulia. Upande huo angezisikia.