Siku Maji ya Shantie Yalipotangulia Ukweni

Jamani, kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzificha, na kuna nyingine ambazo hata ukizificha zina mashahidi nusu ya mtaa. Hii yangu ni ya aina ya pili, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shangazi wa Mireille, maana yule mama akiisimulia huwa anaweka na vitendo. Na mkipita hapa mtaani Manika mkasikia watu wananiita Mukwe Maji-Meupe, msidhani ni jina la heshima.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ndiye msimamizi wa maji machafu kwenye shantie moja ya ujenzi hapa Kolwezi (ndiyo, ni kazi, na inalipwa, msicheke). Malori ya zege yakimaliza kumwaga lazima yaoshwe, na maji yanayotoka hapo ni meupe kama maziwa, ukiyatazama unasema haya hayana neno, kumbe yamejaa saruji, yanakula ngozi ya mtu taratibu bila kelele, na bustani yanaiua kabisa. Kwa hiyo tumechimba birika kubwa, tunaliita basini, maji yanaingia humo, yanatulia, matope yanashuka chini, halafu mimi natumbukiza kikaratasi cha kupimia. Kikiwa kijani, maji ni salama. Kikigeuka bluu nzito, maji hayaendi popote, yanangoja dawa au lori la kunyonya lije liyachukue. Kazi yote ndiyo hiyo: kungoja na kukataa.

Sasa Mireille, msichana niliyekuwa nikimchumbia, ana baba anayeitwa Tata Mukendi, mstaafu wa mgodi, ambaye baba yake naye aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba hapa hapa. Mzee hana maneno mengi, na furaha yake yote ameiweka kwenye bustani ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu, iliyo ndani ya lupango lao, yaani ua wao, pembeni ya ukuta. Siku ya kwanza nilipokwenda kujulishwa, aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akaniambia:

“Mi sipende bantu ya shantie. Mwaka moja balimwanga maji yabo mu kanivo, mu mutaro ya barabara, ikaingia humu, lengalenga yangu yote ikakufa. Hata mumoja hakukuya kusema pardon.”

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza na kunywa soda yake. Mimi nikatoa kijitabu cha vikaratasi mfukoni, nikachana kimoja, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji mbele ya familia nzima kama mganga. “Tata,” nikasema, “ku shantie yangu hakuna tone inatoka bila hii karatasi kukubali.” Nikamfundisha na rangi zote, kijani hivi, bluu vile, kisha nikamwachia kijitabu kizima kama zawadi. Akakitia kwenye mfuko wa shati, karibu na moyo. “Tutaona,” akasema. “Siku utaleta mbuzi, tutazungumuza.”

Basi siku ya mbuzi, yaani ya kupeleka posa, ikafika, Jumamosi, katikati ya masika. Mjomba wangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, alitoka Kasaji kwa pikipiki na mbuzi amefungwa nyuma (sijui nani alichoka zaidi). Shughuli ilikuwa mchana, nami asubuhi nikapitia kazini kutazama tu, kutazama tu jamani, nikakuta mvua ya usiku imelijaza basini mpaka mdomoni, malori mawili ya zege yanangoja kuoshwa, na lori la kunyonya, dereva ananiambia kwa simu, limekwama Fungurume.

Nilijua la kufanya. Ningewaambia madereva wangoje, nikae pale mpaka lori lije. Lakini lori lingekuja jioni, na ukweni hawangoji mtu hadi jioni, wanakupiga faini ya kuchelewa kabla hujakaa. Nikajiambia: nitapunguza kidogo tu, mtaro wa barabarani uko tupu, mvua nyingine itasafisha. Nikatia bomba mtaroni, nikawasha pampu, nikatundika kofia yangu ya kazi kwenye mpini wake, nikamwita Ilunga, mlinzi wetu wa getini, nikamwambia, “Tata Ilunga, hii pompi mutu yeyote asiizime paka mi nirudie.” Nia yangu ilikuwa nivae suti ofisini, nirudi, niizime. Nikiwa nafunga tai, simu ikalia.

“We Fidèle, uko wapi?” Ni mjomba. “Bakwe bamekwisha kuikala, na hii mbuzi iko nakula maua ya bantu!”

Nikatoka mbio, nikarukia pikipiki ya kwanza niliyoiona, na pampu ikatoka kichwani mwangu kabisa, kama vile haijawahi kuzaliwa.

Kufika, nikakuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, familia yao upande huu, ya kwetu upande ule. Mireille alikuwa amefichwa chumbani mpaka aitwe, kama desturi inavyotaka. Mjomba akasimama, akakohoa, akaanza kunisifu, mtu angedhani anauza gari. “Huyu mutoto wetu ni musafi. Kazi yake ni kuchunga maji. Maji yenyewe inamuogopa!”

Wakati huo huo, na Mungu ni shahidi, kijito cheupe kikaingia getini.

Kwanza kilikuwa chembamba, kikapita katikati ya miguu ya viti bila hodi, na shangazi yake Mireille akapiga vigelegele akidhani tumemwaga maziwa kwa ajili ya baraka. Baraka zikaendelea kuja. Zikaongezeka. (Baadaye ndipo nilipoelewa: mimi nilizoea kufika kwao kwa njia ya sokoni, sikujua kwamba mtaro wetu unazunguka kwa nyuma na kupita mbele ya geti lao, wala kwamba pale getini umezibwa na sacheti za plastiki.) Watu wakainua miguu, wengine wakapanda juu ya viti, na yale maji yakaelekea moja kwa moja kwenye lengalenga. Mama Ngalula, mama yake Mireille, akaona bustani ya mume wake inakwisha, akatupa viatu, akaingia majini peku peku kuyazuia kwa jembe.

Niliyatambua maji yangu. Hakuna mtu aliyejua lolote, ningekaa kimya nikashangaa pamoja na wenzangu, na Mireille angekuwa wangu kabla jua halijazama. Lakini nilikuwa naiangalia miguu ya yule mama ndani ya weupe ule, na niliwahi kuona miguu ya fundi aliyeshinda ndani ya maji hayo. Nikajikuta napiga kelele.

“Mama, toka! Toka mu ile maji, itakuunguza! Leteni maji safi, mingi!”

Nikanyakua dumu la maji ya kupikia, nikakimbia, na hapo likaja tatizo lingine, kwamba mkwe hamsogelei mama mkwe hivyo, wala hamtazami miguu, kwa hiyo nikamwagia huku nimegeuza uso upande wa pili. Nusu ya maji ikaenda kwenye kitenge chake kipya, nyingine ikaingia kwenye viatu vya mjomba. “Chini, mukwe, chini!” mama akawa ananielekeza, na mimi namwaga kama kipofu, mpaka miguu ikatakata.

Mnadhani walinikasirikia? Walinisifu! Shangazi akasema Mungu mwenyewe ndiye aliyewaletea mtaalamu siku ya hatari. Tata Mukendi alisogea mpaka ukingoni mwa maji. Alitoa kijitabu kwenye mfuko wa shati, kile kile changu, akachana kikaratasi, akainama, akakitumbukiza. Kikatoka bluu, bluu ya kukaribia nyeusi.

“Mukwe, hii rangi ulisema ni ya nini?”

“Ni... ni maji ya beton, ya simiti, Tata.”

“Bon. Tutaifuata paka kule inatoka. Weye njo unajua. Tangulia.”

Nilifungua mdomo nikiri, nawaapia, lakini kilichotoka ni “Ndiyo, Tata.”

Basi tukaanza msafara, mimi mbele na suti yangu na viatu vyenye ncha, Tata Mukendi nyuma yangu na kikaratasi chake mkononi, kisha familia mbili, kisha majirani, kisha watu wa sokoni ambao hawakujua tunakwenda wapi ila waliona suti na watu wengi wakasema hapa hapakosi soda. Mjomba aliniuliza kwa sauti ndogo mbona natoka jasho hivyo. Nikajaribu kumpigia Ilunga kwa siri, simu yake haipatikani. Nikamwomba Mungu umeme ukatike pampu izime, maana umeme wa Kolwezi mnaujua, ukichomeka pasi tu umekwenda, lakini siku hiyo ulikaa kama mgeni aliyesikia harufu ya kuku.

Tulipofika pale mtaro unapogawanyika, nikajaribu bahati yangu ya mwisho. “Mi naona tupite kushoto.”

“Kushoto ni maji ya udongo, mukwe,” Tata Mukendi akasema kwa upole. “Nyeupe iko kuume.”

Tukapita kulia. Geti la shantie yetu likaonekana, na Ilunga, masikini, mtu mwaminifu kuliko jina langu (Fidèle kwa Kifaransa ni mwaminifu), aliponiona akasimama wima na kupiga saluti mbele ya umati wote.

“Patron, umerudia! Usiogope, pompi yako iko natumika bien. Bantu babili balikuya kuizima, nikabafukuza. Nikabaambia, Patron alisema paka yeye!”

Na pampu ilikuwa pale, inanguruma, na juu ya mpini wake kofia ya kazi yenye jina FIDÈLE kwa herufi kubwa nilizozipaka mwenyewe ili isiibiwe.

Watu wote wakaisoma. Kisha kutoka nyuma nikasikia sauti moja, “Fidèle!” Ni Mireille, amevunja desturi, ametoka chumbani na mavazi yake yote ya siku hiyo. Jamani, nimewahi kufokewa na wakubwa wa kila aina, lakini jina langu halijawahi kuniuma vile.

“Zima,” Tata Mukendi akasema. Nikazima. Akaichukua kofia, akalisoma jina, akanivalisha kichwani na suti yangu ile, akarudi nyuma kidogo kunitazama.

“Pale nyumbani hakuna mutu alijua,” akasema. “Ungeikala kimya. Juu ya nini ulipiga kelele?”

“Mama angeungua, Tata.”

Tata Mukendi akaiangalia miguu yangu. “Miguu yako ilidanganya njia yote hii,” akasema. “Lakini mudomo yako haikudanganya pale mama alikuwa mu maji. Bakwe ba kudanganya na mudomo ninabo babili tayari.” Shangazi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye rundo la mchanga, na watu wote wakamfuata, hata mjomba na viatu vyake vyenye maji. Mireille alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

Mbuzi akapokelewa. Juu yake nikapigwa faini, na haikuwa ya pesa: nisafishe mtaro kwa mikono yangu kutoka shantie mpaka getini kwao, na bustani niiondolee udongo ulioharibika nilete mpya. Kazini nako nikajiripoti mwenyewe, nikapata onyo, na dereva wa lori la kunyonya mpaka leo akinipigia anauliza kama akwame Fungurume kwanza. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikuwa mtaroni na koleo, na wapita njia wakinisalimia kwa lile jina la Mukwe Maji-Meupe. Lengalenga ikaota tena, nzuri kuliko ya kwanza. Lakini Tata Mukendi kila nilipomwekea maji ya kunywa alitumbukiza kwanza kikaratasi, akakiangalia, akaniangalia, ndipo akanywa.

Niliapa basini likijaa sitoki, hata iweje. Na maneno ya mtu hupimwa, maana asubuhi ya harusi mvua ikanyesha tena. Basini likajaa. Niliwasimamisha madereva, nikakaa pale na suti yangu na mabuti mpaka lori la kunyonya likaja, nikapima yaliyobaki, ndipo nikakimbilia kanisani, nimechelewa vibaya, nikijua nimekwisha. Kumbe watu walipoanza kunung’unika, Tata Mukendi alisimama akawaambia, “Tumungoje. Basini yake imejaa.”

Nilipofika madhabahuni na matope mpaka magotini, Mireille akanikonyeza, na mzee akanyoosha mkono kabla sijasema samahani.

“Karatasi.”

Nikampa. Ilikuwa kijani. Akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jipya, karibu na moyo, akamgeukia mchungaji.

“Pasta, sasa anza.”